Mbegu Iliyokataliwa na Kiporo: uchambuzi wa kisa kutoka bonde moja la Pemba

Kabla ya kisa

Majina ya watu, ya bonde na ya mbegu nimeyaondoa, na pale ambapo mtu angetambulika kwa kazi yake nimebadilisha kidogo. Yaliyobaki ni mambo yenyewe jinsi yalivyokwenda. Nawaandikia wenzangu wanaozalisha mbegu za mpunga, mabwana shamba na mabibi shamba, na wakulima wanaopewa mbegu mpya wakaambiwa "hii bora" bila ya kuelezwa ni bora kwa nani na kwa kazi gani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofanya uamuzi ninaoukosoa humu.

Bonde na mpunga wake

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Juu kuna mikarafuu, minazi, migomba na mihogo. Chini, yanakokusanyika maji, ndiko kunakolimwa mpunga. Bonde la kisa hiki linategemea mvua tu, halina mfereji wala pampu. Watu hupanda masika yanapoanza, Machi hadi Aprili, wakavuna kipupwe. Wengi wa wanaolima ni wanawake. Majaluba yao ni madogo, mengine hayazidi uwanja wa nyumba, na mpunga unaotoka humo hauendi sokoni. Mchele mwingi unaoliwa Zanzibar hutoka nje, na kwa siku za kawaida watu hununua mapembe, yaani mchele wa kawaida wa kutoka nje, dukani. Mpunga wa bondeni una heshima yake. Ndio wa daku na futari, wa maulidi, wa mgeni aliyetoka mbali.

Mbegu yao ya asili sitaitaja, na kwa kweli kila bonde linaiita kivyake. Ni ndefu, inamfika mtu mzima kifuani. Inakaa shambani karibu miezi mitano. Ukipita njiani jioni wakati inapikwa, unajua nyumba gani wanapika. Lakini mvua kubwa ikija mpunga umeshabeba masuke, unalala wote chini kama uliopitiwa na jamvi, na punje zinaota zikiwa kwenye suke. Juu ya hayo kuna kimyanga, ugonjwa wa virusi unaoyageuza majani rangi ya manjano yenye mabaka, unaoenezwa na wadudu aina ya mbawakawa wadogo wanaokula majani, na mbegu hii haina kinga nao.

Ombi la wanakikundi lilikuwa fupi. Bi mkubwa mmoja, ambaye atarudi tena katika kisa hiki, alisema: "Bwana shamba, hii yetu tamu. Ifupisheni tu isilale."

Nataka msomaji aikumbuke sentensi hiyo. Hakusema "tupeni mpunga mwingi."

Njia tulizozizingatia

Njia ya kwanza ilikuwa kuleta mbegu iliyo tayari. Saro 5, ambayo kitaalamu ni TXD 306, ilitoka Tanzania Bara na inajulikana kwa mavuno mazuri na harufu ya wastani. Bondeni walikuwa wameshaijaribu. Majaluba ya juu iliwafaa, ya chini ikazama, kwa kuwa pale maji yanasimama kwa wiki nzima na hakuna wa kuyatoa.

Njia ya pili ilikuwa mionzi ya gama. Kwa Zanzibar hii si habari ngeni; mbegu ya Supa BC ilipatikana kwa kuipiga mionzi Supa ya asili. Uzuri wake ni kwamba unachukua mbegu ambayo watu wameshaipenda, unaivuruga kidogo, kisha unatafuta miongoni mwa uzao wake mmea uliofupika au uliowahi kukomaa huku mengine yote yamebaki yalivyokuwa. Ugumu wake ni idadi. Mimea inayotakiwa kupandwa na kukaguliwa mmoja mmoja katika kizazi cha pili ni maelfu, na sisi tulikuwa na eneo dogo na watu wanne.

Tukachagua njia ya tatu, kuchanganya mbegu mbili. Mama ni mbegu yao. Baba ni mpunga mfupi kutoka nje, unaozaa sana, unaostahimili kimyanga kuliko mama. Tuliandika sifa zake zote za shambani: urefu, siku za kukomaa, idadi ya machipukizi, uzito wa punje elfu moja. Sifa za sufuriani hatukuziandika. Daftari lile ninalo mpaka leo, na safu ya "ubora wa wali" imeachwa tupu.

Kazi ya mkasi na kibanio

Wasiowahi kuona kazi hii hudhani inafanyika kwenye mashine kubwa. Inafanyika umepiga magoti kwenye tope. Ua la mpunga ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake kuna vichavulio sita, yaani viungo vya kiume vyenye chavua. Jioni unachagua suke la mama lililotoka nusu, unakata ncha za vifuniko vya maua kwa mkasi mdogo, unaingiza kibanio na kutoa vichavulio vyote sita bila ya kuigusa sehemu ya kike ya ua. Kimoja kikibaki, ua litajizalisha lenyewe na utakuwa umejidanganya. Kisha unalivika suke mfuko wa karatasi. Asubuhi, baina ya saa tatu na saa sita, maua ya baba yanafunguka yenyewe. Unalikata suke lake, unafungua mfuko wa mama na kulikung'uta juu yake. Chavua ya mpunga inakufa baada ya dakika chache, kwa hiyo hapa hakuna mazungumzo.

Katika maua zaidi ya mia mbili tulipata punje thelathini na kitu. Kwa kazi ya tope na upepo wa kusi, hayo yalikuwa mafanikio.

Chotara wa kwanza tuliwapanda kituoni kwenye maji ya kumwagilia ili tupate vizazi viwili kwa mwaka. Kuanzia kizazi cha pili tukaanza kuchagua. Tulichagua kwa macho: mmea mfupi, wima, wenye machipukizi mengi na masuke mazito. Kila kizazi tulitupa zaidi ya tulichobakisha. Tulipofika kizazi cha sita zilibaki koo tisa zilizotulia, yaani ukipanda mbegu zake zote zinatoka sawa. Hizo tisa tukazijaribu misimu miwili bondeni, katika majaluba ya wakulima wenyewe, pembeni ya mbegu yao ya asili.

Ukoo mmoja uliwapita wenzake kwa mbali. Nitauita Ukoo A. Mfupi, haukulala hata msimu wa mvua kubwa, na suke lake lilimfanya kila anayepita alishike.

Siku ya wakulima

Tulifanya siku ya kuonja pale pale bondeni. Wali ulipikwa saa tano kwa tui zito la nazi, ukaliwa saa saba na mchuzi wa samaki, wa moto. Watu wakasifu. Wakaulizwa kwa kuinua mikono, mikono ikainuka. Tukaandika kwamba ubora wa ulaji umekubalika.

Baada ya hapo kaya kumi na mbili zikapewa mbegu ya Ukoo A. Walivuna vizuri, pengine vizuri kuliko walivyowahi kuvuna katika majaluba yale. Kwa muda wa miezi kadhaa nilikuwa nikilisimulia jambo hili kwa furaha kila ninapokaa na wenzangu.

Mbegu inarudi dukani

Msimu uliofuata, kaya nane katika zile kumi na mbili hazikupanda tena Ukoo A. Hazikulalamika. Zilirudi kimya kwenye mbegu ya zamani, na mpunga wa A uliobaki zikaupeleka kwa muuza duka kubadilishana na mapembe. Tuliulizia sababu tukapewa majibu ya adabu: mbegu ilichelewa kuletwa, jaluba limeazimwa, mwaka huu tumepumzika kidogo.

Aliyenieleza ukweli ni yule bi mkubwa, na wala hakunieleza kwa maneno mengi. Nilimkuta barazani anapepeta.

"Mwanangu, siku ile wali uliupika wa moto," alisema. "Wali wa moto hata wa mapembe unalika. Njoo kesho asubuhi, kabla hatujashuka bondeni, ule na sie."

"Nitakuja, bi mkubwa, inshaallah."

Nilifika jua halijatoka. Alikuwa ameweka sahani mbili chini ya kawa, moja wali wa mbegu yake, ya pili wali wa Ukoo A. Vyote vimepikwa jana usiku kwa sufuria zinazofanana na kwa tui la nazi moja. Akafunua. Alichota kwa vidole wali wa kwanza, akaukanda mara moja, likawa tonge. Akachota wa pili, akaukanda, akaukanda tena, kisha akafungua kiganja. Punje zikamwagika baina ya vidole zikalia kwenye sahani. Nilizisikia. Mjukuu wake wa miaka sita hivi alikula mbili tatu akaisukuma sahani.

"Huu mpaka uupashe moto," alisema bi mkubwa. "Na kuni za alfajiri anazo nani?"

Pale ndipo nilipofahamu mpunga huu unafanya kazi gani katika nyumba ile. Unapikwa mara moja, usiku. Unaoliwa asubuhi na chai, au na mchuzi uliobaki, ni kiporo, na kiporo ndicho kinachompeleka mtu bondeni na mtoto skuli. Mbegu isiyoweza kuwa kiporo inamtaka mama awashe moto mara mbili. Na harufu? Ukoo A haukuwa nayo kabisa. Siku ya wakulima harufu tuliyoisikia ilikuwa ya nazi.

Kilichokuwamo ndani ya punje

Hapa nieleze sayansi yake kidogo, maana bila hiyo kisa kitaonekana kama ugomvi wa ladha tu.

Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Kadiri amilosi inavyozidi, wali unakuwa mkavu, unachambuka, na ukipoa unakaza, kwa sababu nyuzi za amilosi hujipanga upya na kubana haraka wali unapopoteza joto. Wataalamu huigawa hivi: chini ya 20% ni ya chini, 20 mpaka 25% ni ya kadiri, zaidi ya 25% ni ya juu. Mchele wa Basmati uko katika kadiri. Ndiyo sababu unachambuka lakini haukazi. Jeni kuu inayoamua jambo hili inaitwa waxi na iko kwenye kromosomu ya 6. Mama yetu alikuwa wa kadiri. Baba, tulipokuja kumpima, alikuwa wa juu.

Harufu ya mpunga wa kunukia inatokana hasa na kemikali inayoitwa 2-asetili-1-pirolini. Mmea wa kawaida una jeni ya BADH2, kwenye kromosomu ya 8, inayozuia kemikali hiyo isijikusanye. Katika mpunga unaonukia jeni hiyo imeharibika; katika mbegu nyingi zinazonukia zimepotea herufi nane tu za DNA. Kwa kuwa harufu inatokana na kitu kilichoharibika, punje lazima irithi uharibifu huo kwa mama na kwa baba pia ndipo inukie. Ikipata nakala moja nzima kwa upande mmoja, harufu imekwenda.

Ufupi nao, ule wa mipunga mingi mifupi ya kisasa, unatokana na jeni ya kromosomu ya 1, na pia unataka nakala mbili.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo iliyotuhukumu. Tukichukulia kila sifa ina jeni moja, katika kizazi cha pili mmea mfupi ni mmoja katika wanne, wenye harufu mmoja katika wanne, wenye amilosi ya kadiri mmoja katika wanne. Wenye vyote vitatu ni mmoja katika 64. Vizazi vikishatulia mambo yanakuwa mepesi: kila sifa inakuwa nusu kwa nusu, na wenye vyote vitatu ni mmoja katika wanane. Katika koo fupi peke yake, kama hukuchagua kwa harufu wala wanga, robo yao zitakuwa na vyote viwili kwa bahati tu. Sisi tulikuwa na koo tisa fupi. Robo ya tisa ni mbili na kidogo.

Maana yake, tulichokuwa tukikitafuta huenda kilikuwa kimeshatupitia mkononi.

Kurudi kwenye makopo

Mbegu za koo nane tulizoziacha zilikuwa bado kwenye makopo, shukurani kwa msaidizi mmoja ambaye hakubali kutupa kitu. Tukazipima zote, pamoja na A, kwa vipimo ambavyo tungeweza kuvifanya miaka mitatu nyuma.

Harufu tuliipima kwa majani kwanza. Unakata jani teke vipande vidogo, unayatia kwenye chupa yenye maji ya potasiamu haidroksaidi ya 1.7%, unafunika dakika kumi, unafungua na kunusa. Kemikali hii inaunguza, kwa hiyo glovu ni lazima na pua haisogezwi mdomoni mwa chupa. Kisha tukathibitisha kwa kutafuna punje moja moja mbichi. Kazi hii ya kutafuna walitushinda wanawake wa kikundi mchana kweupe. Sisi tulikuwa tukibishana, wao wakitafuna mara tatu wanajua.

Wanga tuliupima kwa iodini, ambayo hugeuka buluu nzito penye amilosi nyingi, na kwa njia ya kuziloweka punje sita za mchele kwenye dawa ile ile ya 1.7% kwa saa 23 katika joto la nyuzi 30. Punje zinazohitaji moto mwingi kuiva hubaki nzima. Zinazoiva upesi huvimba na kusambaa kama wingu. Namba kamili za amilosi tulizipata kwa kupeleka sampuli maabara, lakini kwa kuchagua baina ya koo tisa iodini ilitosha.

Mbili zilinukia na zilikuwa na wanga wa kadiri. Katika jedwali letu la mavuno moja ilikuwa ya nne, ya pili ikawa ya saba. Ile ya nne ndiyo Ukoo B.

Safari hii kuonja kulifanyika kwingine. Wali ulipikwa usiku katika nyumba saba, bila ya nazi kwenye sufuria moja na kwa nazi kwenye nyingine, ukafunikwa kwa kawa, ukaliwa alfajiri. Aliyepika hakujua ni ukoo gani. Sufuria zilifungwa uzi wa rangi tu. Swali lilikuwa moja: utaupika huu Ramadhani? Nyumba sita zilichagua uzi wa B. Ya saba ilichagua mbegu ya zamani, na mwenyewe akasema anaitambua hata akifumba macho. Hakukosea.

Tatizo la chenga

Tulidhani tumemaliza. Mavuno ya kwanza ya B yalipokwenda mashineni kukobolewa, mchele ulitoka chenga tupu. Mwenye mashine alimwambia mkulima kwamba mpunga huu mpya dhaifu, na habari ilisambaa kabla ya magunia kufika nyumbani.

Mimi mwenyewe niliamini ni kosa la mbegu. Baadhi ya punje za B zina weupe wa chokaa tumboni. Weupe huo ni wanga uliojaa vibaya, wenye nafasi za hewa, na punje ya namna hiyo huvunjika upesi. Unarithiwa, lakini pia unazidi usiku ukiwa na joto wakati punje zinajaa. Nilikuwa tayari kuliandikia B cheti cha kifo.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa kikundi aliyechukua punje zilizomenywa kwa mkono akazimulika kwa tochi ya simu kutokea chini. Ndani ya punje zisizo na weupe wowote kulikuwa na mistari myembamba imekata upana, kama nyufa za kioo. Punje zile zilikuwa zimeshapasuka kabla hazijaiona mashine.

Tukauliza mpunga ulivunwa lini na ukakaushwa wapi. B unakomaa mapema kuliko mbegu ya zamani, kwa hiyo ulikomaa wakati ambapo hakuna aliyejiandaa kuvuna, ukasubiri shambani. Punje iliyokauka ikipigwa na umande usiku inanyonya maji kwa nje, inavimba, na ndani inapasuka. Baada ya kupurwa ukaanikwa kando ya barabara ya lami siku nzima, ambako lami ya saa saba inachoma unyayo. Kukauka haraka namna hiyo nako kunapasua.

Msimu uliofuata jaluba moja la B tuliligawa. Nusu ilivunwa punje zikiwa na unyevu wa 20 mpaka 24%, ikaanikwa kwenye jamvi chini ya mwembe, ikigeuzwa, mpaka 14%. Nusu nyingine ilifanyiwa kama kawaida. Mashine ile ile, siku ile ile. Mwenye mashine mwenyewe aliushika mchele wa nusu ya kwanza akauliza ni mbegu gani. Chenga zilikuwepo, hasa zile za punje za chokaa, lakini ulikuwa mchele wa kumpikia mgeni.

Matokeo

Ukoo B sasa unapandwa na kaya nyingi za bonde lile katika majaluba ya juu na ya kati, na mbegu inapita mkono kwa mkono bila ya sisi kuwepo. Majaluba ya chini bado ni ya mbegu ya zamani, kwa kuwa B ni fupi mno kwa maji yanayosimama pale.

Ukoo A haukufa. Mama mmoja anayeuza vitumbua na mkate wa kumimina aliununua kwa waliouchoka. Anasema ukiurowesha na kuusaga, unga wake hauwi ulojo na vitumbua vyake havinywi mafuta. Amilosi ya juu iliyoharibu kiporo ndiyo aliyokuwa akiihitaji, na sasa analimiwa jaluba mbili za A kila mwaka.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kuchanganya mbegu kwenyewe kulikuwa uamuzi sahihi, na kumtumia mama wa bondeni kulikuwa sahihi zaidi. Kuziweka koo tulizozikataa kulituokoa miaka. Majaribio katika majaluba ya wakulima yalitupa mavuno ya kweli, si ya kituoni.

Lililoshindwa hasa ni mpangilio wa uchaguzi. Tulipanga sifa kwa urahisi wa kuziona. Urefu unaonekana ukiwa barabarani. Kiporo kinataka usubiri mpaka asubuhi. Tukajiambia kwamba vizazi vya mwanzo mbegu ni chache, hazitoshi kupika, tutaonja mwisho. Udhuru huo hauna nguvu. Punje moja inatosha kutafunwa. Tena punje hukatwa vipande viwili: kipande chenye kiinitete kinapandwa, kipande cha pili kinapimwa kwa iodini. Mmea haupotei na unajua unachokipanda.

Kosa la pili ni kukata mapema na kwa ukali. Kwa sifa zinazotaka nakala mbili, ingekuwa nafuu kupandisha uzao mwingi bila ya kuchagua sana mpaka kizazi cha tano au sita, punje moja kutoka kila mmea, kisha ndipo kuchagua ambapo nafasi ni moja katika wanane badala ya moja katika 64. Tulibaki na koo tisa na ikatokea mbili zimo. Zingekuwa koo nne, pengine tusingepata hata moja.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1966 taasisi ya mpunga ya kimataifa huko Ufilipino ilitoa IR8, uzao wa Peta na Dee-geo-woo-gen, na mavuno yake yaliwashangaza walimwengu. Lakini punje zake zilikuwa na chokaa, zikivunjika mashineni, na wali wake ukipoa ulikaza. Amilosi yake ilikuwa ya juu. Ilifika 1985 ndipo ilipotoka IR64, yenye mavuno na wanga wa kadiri, watu wakaipokea kwa furaha. Ni miaka 19. India nao, walipotaka kuifupisha Basmati, waliishikilia harufu na punje ndefu tangu mwanzo, wakatoa Pusa Basmati 1 mwaka 1989. Historia hiyo nilisomeshwa na nikaijibu kwenye mtihani. Sikuiona iliponikalia mbele yangu.

Kuhusu mionzi, sasa nadhani tuliikataa haraka. Ombi la bi mkubwa lilikuwa kufupisha mbegu moja bila ya kuigusa ladha yake, na hilo ndilo linalofanywa vizuri na mionzi. Ingetugharimu eneo na macho ya watu wengi, lakini hatari ya kuingiza wanga wa baba isingekuwepo. Kwa upande wa pili, kinga ya kimyanga tusingeipata kwa urahisi huo. Bado nalipima.

Na kuhusu chenga, ningependa kila mzalishaji mbegu amulike punje kwa tochi kabla ya kuilaumu mbegu au kuisifu. Mbegu inayokomaa mapema inabadilisha siku ya kuvuna, na hilo linapaswa kuelezwa siku inapogaiwa, si baada ya mchele kuvunjika.

Kinachoendelea

Tumemchanganya B na mbegu ya zamani kwa mara nyingine, kwa ajili ya majaluba ya chini. Safari hii wazazi wote wawili wananukia na wote wana wanga wa kadiri, kwa hiyo uzao wote utanukia na hakuna utakaokaza. Tunachotafuta ni urefu wa kati, na kimyanga. Punje ziko kituoni. Safu ya "ubora wa wali" kwenye daftari jipya ni ya kwanza kushoto, na chini yake bi mkubwa ametaja nyumba saba zitakazopika, akaongeza ya nane, ya dada yake, ambaye anasema hapendi mpunga mpya wa aina yoyote.